Jihadi, Vita vya Dini na Vita Vitakatifu: Maneno Matatu, Dhana Ngapi?

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza namna wafasiri na walimu wetu wanavyolifasiri neno la Kiingereza "holy war", na kuonyesha kwamba mazoea tuliyo nayo hayatoshi. Wapo wanaoandika "jihadi" kila wakutanapo na neno hilo. Wapo wanaoandika "vita vitakatifu". Na wapo wanaoyatumia yote mawili katika ukurasa mmoja, kana kwamba hapana tofauti, ili tu wasirudie neno.

Mtu asidhani kuwa hili ni suala la kupamba lugha. Istilahi hii huingia katika taarifa za habari, katika vitabu vya historia, katika hati za mahakama na katika nyaraka za Serikali. Humo, neno moja lililowekwa pasipo pake laweza kumfanya mtu asiye na hatia aonekane mchochezi, au likaufanya uchokozi uonekane ibada. Nakumbuka hati moja niliyopewa niihakiki, ambayo ofisi yake haina haja ya kutajwa. Mzungumzaji alikuwa amewausia vijana wa madrasa wafanye jihadi ya nafsi zao, waache bangi na uvivu. Mfasiri, akifuata orodha ya maneno aliyokuwa nayo mezani, aliandika kwa Kiingereza kwamba mzee yule aliwataka vijana waingie katika vita vitakatifu. Hati ilirudishwa ikasahihishwa. Hata hivyo nilijiuliza: ni hati ngapi ambazo hazikupata mhakiki?

Chimbuko la neno jihadi

Neno jihadi limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ni konsonanti tatu: j, h, d. Maana ya asili ya mzizi huo ni kujibidiisha, kutumia nguvu zote alizo nazo mtu. Mswahili hahitaji kwenda mbali kulithibitisha jambo hili, kwa kuwa mzizi huo umezaa ukoo mzima katika lugha yetu. Tunasema juhudi, tunasema jitihada au jitihadi, tunasema kujitahidi. Yafaa ikumbukwe kwamba ile silabi "ji" iliyomo katika kitenzi jitahidi siyo kiambishi cha kujirejea kama kilichomo katika jipenda au jisifu. Ni sehemu ya mzizi wenyewe. Mwanafunzi anayejitahidi katika masomo na mpiganaji wa jihadi wametajwa kwa maneno ya nasaba moja.

Katika Kurani, maneno ya nasaba hii yana matumizi mapana. Vita vyenyewe huitwa harb, na kupigana huitwa qital. Jihadi ni neno la tatu, ambalo mara nyingine huhusu kupigana na mara nyingine halihusu. Mfano mmoja unatosha. Katika aya ya 8 ya Suratul-Ankabut na aya ya 15 ya Surat Luqman, kitenzi cha mzizi huu kimetumiwa kwa wazazi wanaomshikilia mtoto wao amshirikishe Mungu. Hapo wanaofanya bidii ni watu wa shirki! Mfasiri anayeamini kuwa mzizi huu siku zote maana yake ni vita vitakatifu atapata tabu kubwa mbele ya aya hizo mbili. Tena aya ya 52 ya Suratul-Furqan, ambayo ni sura ya Makka, yaani kabla Waislamu hawajaruhusiwa kupigana, humwagiza Mtume afanye jihadi kubwa kwa hiyo Kurani yenyewe. Silaha hapo ni hoja.

Hata hivyo, haki ya hoja yataka tuseme na upande wa pili. Wapo waandishi wa siku hizi ambao, kwa nia njema, hudai kwamba jihadi haina uhusiano wowote na vita. Dai hilo nalo si sahihi. Katika vitabu vya sheria za Kiislamu, neno jihadi lilipotajwa bila sifa yoyote lilikuwa na maana ya kupigana, na mafakihi waliliwekea masharti: nani mwenye mamlaka ya kuitangaza, lini inakuwa faradhi ya kila mtu na lini inakuwa faradhi kifaya, na ni watu gani wasioruhusiwa kuuawa, wakiwamo wanawake na watoto. Na ile Hadithi mashuhuri inayotofautisha jihadi ndogo ya vitani na jihadi kubwa ya nafsi, wanavyuoni wengi wa Hadithi wameiona isnadi yake kuwa dhaifu, ingawa wazo lake limeenea sana katika mafundisho ya maadili.

Basi ukweli ni kwamba neno hili lina maana pana ya bidii na maana finyu ya vita, na zote mbili zi hai. Kamusi inayotoa maana finyu peke yake hupotosha, na mhubiri anayetoa maana pana peke yake hupotosha vilevile. Kazi ya mfasiri ni kutazama ni ipi kati ya hizo inayokusudiwa na msemaji aliye mbele yake.

Utakatifu wa vita umetoka wapi?

Tuligeukie sasa neno vita vitakatifu. Takatifu ni sifa inayotokana na kitenzi takata, na kitakatifu, kwa asili, ni kile kilichosafika. Wakristo wamelizoea katika Roho Mtakatifu na Biblia Takatifu. Waislamu hupendelea zaidi tukufu, kama katika mwezi mtukufu wa Ramadhani. Lakini mpaka huo si ukuta: tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyotolewa mwaka 1969, huitwa Qurani Takatifu. Kwa hiyo hatuwezi kulikataa neno vita vitakatifu kwa kusema tu kuwa takatifu ni neno la dini moja.

Sababu ya kulitilia shaka ni nyingine. Sifa ya utakatifu katika Kiarabu hutokana na mzizi q, d, s, ambao ndio uliozaa jina la Al-Quds, yaani Yerusalemu. Katika Kurani sifa za mzizi huo hupewa ardhi, bonde, roho na Mwenyezi Mungu mwenyewe. Hakuna mahali zinapopewa vita. Muungano wa maneno vita na takatifu hauko humo. Hata pale Wapalestina wa mwaka 1948 walipokiita kikosi chao Jeshi la Jihadi Takatifu, ilibidi waiongeze hiyo sifa ya utakatifu. Lau jihadi ingekuwa na maana ya vita vitakatifu tangu awali, nyongeza hiyo isingehitajika.

Muungano wenyewe tunaukuta kwingineko, na kila mahali una maana yake. Wayunani wa kale walikuwa na vita walivyoviita vitakatifu kwa sababu viligombaniwa juu ya hekalu la Delphi na mali zake; vile vya tatu, vilivyo mashuhuri zaidi, vilikuwa kati ya mwaka 356 na 346 kabla ya Kristo. Hapo utakatifu ulikuwa wa mahali, wala si wa mapigano. Manabii wa Kiebrania, kama Yoeli katika sura ya 3 na Yeremia katika sura ya 6, wana usemi ambao neno kwa neno ni kuvitakasa vita, na wafasiri wengi wa Biblia katika lugha mbalimbali huufasiri kwa kusema kujiandaa kwa vita au kuvitangaza, kwa kuwa waliona kinachotakaswa ni watu wanaojiweka tayari kwa ibada kabla ya kutoka. Na mwezi wa Juni mwaka 1941, Wajerumani walipoivamia Urusi ya Kisovieti, wimbo mashuhuri uliotungwa huko uliitwa Vita Vitakatifu. Dola ile haikuamini Mungu, na bado ililiona neno hilo kuwa lafaa! Hapo utakatifu ni thamani ya nchi mbele ya watu wake.

Mifano hii yatufundisha kwamba "takatifu" katika istilahi hii mara nyingi haielezi aina ya vita, bali hueleza namna msemaji anavyoviona. Ni sifa inayotolewa na mwenye vita mwenyewe. Mwandishi wa habari au wa historia akiitumia kwa kauli yake, amekwisha kuchukua upande bila kujua.

Historia tatu za kutuonya

Mfano wa kwanza ni Vita vya Msalaba. Papa Urbano wa Pili alitoa mwito wake huko Clermont, Ufaransa, mwaka 1095. Yerusalemu ikatekwa mwaka 1099. Salahuddin akaikomboa mwaka 1187. Na ngome ya Akka ikaanguka mwaka 1291. Katika vitabu vya Kiingereza hivi ndivyo hasa vinavyopewa jina la vita vitakatifu. Lakini waliokwenda wenyewe waliiita kazi yao safari, na tena hija. Waarabu wa zama zile nao hawakusema vita vya msalaba. Walisema habari za Wafaranja, wakiwataja kwa kabila lao. Mwalimu anayefundisha kwamba jihadi ni vita vitakatifu atawaelezaje wanafunzi wake kipindi hiki, ambamo upande mmoja uliitwa kwenye hija na upande wa pili ukajibu kwa jihadi? Akitumia neno moja kwa pande zote mbili, tofauti ya fikra za pande hizo itapotea.

Mfano wa pili ni wa pwani yetu wenyewe. Mwaka 1908 barua iliyodaiwa kutoka Makka ilienea katika pwani ya koloni la Wajerumani, Lindi na kwingineko. Kiini chake kilikuwa onyo kwamba Kiama ki karibu, na kwamba waumini watubu na kuyashika mambo ya dini. Maofisa wa Kijerumani, ambao ndiyo kwanza walikuwa wametoka katika Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, waliiona kuwa ni mwito wa maasi, wakafanya uchunguzi na ukandamizaji. Hatusemi kwamba hapakuwa na manung'uniko ya kisiasa pwani. Yalikuwapo, na yalikuwa na sababu. Lakini maneno ya toba yalisomwa kwa miwani ya vita, na waliolipa gharama ya usomaji huo ni watu wa pwani.

Mfano wa tatu ni wa mwaka 1914. Tarehe 14 Novemba, mjini Istanbul, ilitangazwa jihadi kwa jina la Khalifa wa dola ya Uthmaniya dhidi ya Uingereza, Ufaransa, Urusi na washirika wao. Magazeti ya Ulaya yaliandika kuwa vita vitakatifu vya Waislamu dhidi ya Wakristo vimetangazwa. Fasiri hiyo haikustahimili hata siku moja ya kutafakari, kwa kuwa marafiki wakubwa wa Khalifa katika vita hivyo walikuwa Ujerumani na Austria, mataifa ya Kikristo. Mwanazuoni wa Kiholanzi, Snouck Hurgronje, aliikejeli jihadi ile mwaka 1915 kwa kusema kuwa ni vita vitakatifu vilivyotengenezwa Ujerumani. Katika Afrika Mashariki, Wajerumani waliutumia mwito huo kuwavuta Waislamu, na huko Zanzibar Sultani Khalifa bin Harub aliwahimiza Waislamu wawe pamoja na Waingereza. Mwaka 1916, Sharifu Hussein wa Makka aliinuka dhidi ya dola ile ile ya Khalifa. Yeyote atakayeiandika habari hii kwa Kiswahili kwa neno vita vitakatifu peke yake hataweza kuueleza mgawanyiko huo. Lakini akisema kuwa Khalifa alitangaza jihadi, na kwamba Waislamu wengi hawakuikubali kuwa ni jihadi ya haki, habari inanyoka.

Matumizi ya kisitiari

Liko tatizo jingine linalowakabili hasa watumishi wa Serikali. Viongozi hupenda kuazima maneno ya vita wanapozungumzia maendeleo, na sisi wenyewe tangu Uhuru tumezoea kutangaza vita dhidi ya ujinga, umaskini na maradhi. Mwezi wa Februari mwaka 1960, Rais Bourguiba wa Tunisia aliwaambia wananchi wake kuwa taifa limo katika jihadi ya kupambana na unyonge wa kiuchumi, na kwamba kwa sababu hiyo wafanyakazi waliweza kuruhusiwa kula mchana wa Ramadhani. Wanavyuoni wengi hawakukubaliana naye. Lakini hata ubishi wenyewe ulitegemea kwamba neno ni jihadi: kama mtu aliye katika jihadi ya silaha ana ruhusa ya kufungua, je, aliye katika jihadi ya kiwanda naye anayo? Ukiifasiri hotuba ile kwa kusema vita vitakatifu vya uchumi, hoja yake yote inavunjika, na msomaji hataelewa kilichobishaniwa.

Kinyume chake hutokea kwa neno la Kiingereza lenye asili ya Vita vya Msalaba, ambalo siku hizi hutumika kwa kampeni yoyote yenye ari. Nimesoma tangazo la elimu ya watu wazima lililoahidi vita vya msalaba dhidi ya kutojua kusoma. Wanafunzi waliokusudiwa walikuwa Waislamu na Wakristo pamoja, na haishangazi kwamba baadhi yao walijiuliza wanaitwa kwenye nini. Neno kampeni lilikuwapo, na neno mapambano lilikuwapo. Aidha, mikutano ya mahubiri ya Kikristo inayoitwa kwa neno hilo hilo huko ng'ambo, sisi tunayo tayari istilahi yake nzuri: mkutano wa Injili.

Juu ya upatanisho

Kabla ya kufikia mapendekezo, neno moja juu ya sarufi. Magazetini huonekana mara kwa mara "vita takatifu" na "vita hiyo takatifu". Nadhani chanzo chake ni kufuatisha Vita Kuu ya Kwanza na ya Pili, ambamo Vita Kuu imekwisha kukaa kama jina la pekee. Lakini jina la pekee haliwi kanuni. Vita ni nomino ya ngeli ya VI, na upatanisho wake ni vita hivi, vita vile, vita vitakatifu. Mwandishi anayeona kwamba "vitakatifu" kunamwia kuzito ulimini na ajiulize kama uzito huo si dalili kwamba Kiswahili chenyewe hakikuizoea dhana hiyo. Kwa desturi, Waswahili huvipa vita majina kwa mahali, kwa adui, kwa kiongozi au kwa kisa: Vita vya Badri, Vita vya Uhudi, Vita vya Abushiri, Vita vya Kagera. Hata vita vya Mtume mwenyewe, vilivyoimbwa kwa karne nyingi katika tenzi zetu, jina lake ni la mahali. Utakatifu wake umo katika kisa, haumo katika jina.

Vita vya Maji Maji ni kipimo kizuri cha jambo hili. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani mwezi wa Agosti 1905, aliwapa watu maji yenye nguvu ya kiimani, na imani hiyo iliunganisha makabila ambayo hayakuwa na mtawala mmoja. Wakoloni walisema ni uchawi. Tukisema sisi kuwa vilikuwa vita vitakatifu, tutakuwa tumejibu kosa kwa kosa, kwa maana tutafunika kodi, pamba ya kulazimishwa na viboko vilivyowainua watu. Jina lililokuwapo lilitaja maji, basi. Lilieleza kilichoaminiwa bila ya kukihukumu.

Mapendekezo

Kwa kuzingatia yaliyotangulia, napendekeza matumizi yafuatayo yajadiliwe.

(a) Jihadi litumike pale tu msemaji au maandishi ya asili yanapotumia neno hilo. Maana ikiwa ni ya kimaadili, isemwe jihadi ya nafsi, jihadi ya elimu, na kadhalika. Lisitumike kufasiri vita vya Wayunani, vya Warusi au vya Wakristo.

(b) Vita vya jihadi ni istilahi halali kwa vita vilivyotangazwa na Waislamu kwa jina hilo. Wanaoilaumu kuwa ni kurudia maneno wamekosea. Kwa kuwa jihadi ni pana kuliko vita, neno vita hapo lina kazi ya kubainisha.

(c) Vita vya dini liwe jina la vita ambavyo tofauti za dini au madhehebu ni sababu yake kuu, bila kujali nani alivitakasa. Mfano wake ni vita vya Wakatoliki na Waprotestanti nchini Ufaransa, kati ya mwaka 1562 na 1598.

(d) Vita vya Msalaba libaki jina la historia kwa vita vilivyoanza na mwito wa mwaka 1095. Kwa harakati za kijamii tuseme kampeni au mapambano.

(e) Vita vya haki litengwe kwa fundisho la wanafalsafa na wanasheria, tangu Agostino na Toma wa Akwino, linalouliza ni masharti gani yanayohalalisha vita. Vita vyaweza kudaiwa kuwa vya haki bila ya kudaiwa kuwa vitakatifu.

(f) Vita vitakatifu litumike kama dai la msemaji, na mwandishi aonyeshe kuwa ni dai: vita walivyoviita vitakatifu, vita alivyovitangaza kuwa vitakatifu.

(g) Mujahidi na mujahidina ni majina ambayo watu hujiita au huitwa na wafuasi wao, kama ilivyokuwa Afghanistan wakati wa vita dhidi ya majeshi ya Kisovieti, 1979 hadi 1989. Mfasiri asiyageuze kuwa magaidi, wala magaidi asiwageuze kuwa mujahidina. Hukumu hiyo si yake.

Najua yatakuwapo maoni kwamba umma umekwisha kuzoea jihadi kwa maana ya vita tu, na kwamba lugha ni mali ya wanaoisema. Nakubali kuwa lugha ni yao. Lakini hao hao wanaoisema ndio kila siku wanaomwambia mtoto ajitahidi, wanaosifu juhudi za mkulima, na ambao misikitini huusiwa jihadi ya nafsi bila ya mtu yeyote kutazama silaha iko wapi. Maana pana haijafa midomoni mwa watu. Imesahauliwa katika orodha zetu. Yule mzee wa madrasa alisema Kiswahili fasaha kabisa. Aliyekosea ni aliyemwandikia maneno yake, na kosa hilo tuna uwezo wa kulirekebisha. Wasomaji walio na mifano zaidi kutoka ofisini, mahakamani au darasani wanaombwa wailete, ili istilahi hizi zipimwe kwa matumizi kabla ya kusanifiwa.